Habari Ikiwa Bado Njiani

Tafakari ya Dominika ya Kwanza ya Kwaresima



Jumatano iliyopita alfajiri, nyuma ya sakristia, watumishi wa altare walikuwa wakichoma matawi ya mitende ya mwaka jana ndani ya karai la zege lililosuguliwa mpaka likatakata. Tulichelewa mwaka huu. Kazi hiyo hufanyika Jumanne. Matawi makavu hayachukui muda. Yanawaka kama karatasi, yanajikunja, kisha linabaki jivu jeusi jepesi ambalo upepo kidogo tu unalipeperusha. Kijana mmoja akalichekecha kwa chujio la chai, mwenzake akamkinga upepo kwa mgongo. Nikawauliza kama wanajua tarehe hiyo, 18 Februari, kulitokea nini. Wakatazamana. Mmoja akabahatisha mtakatifu fulani.

Nikawaambia: siku hiyo mwaka 2021, kigari cha roboti cha Wamarekani kiitwacho Perseverance kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Wakacheka, wakadhani Padre anatania ili wasisinzie. Sikuwa natania. Kwangu tarehe hiyo na majivu vimefungamana miaka 5 sasa, na leo naomba niwaeleze kwa nini.

Mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 17 Februari. Wengi wenu mnaikumbuka siku hiyo kwa misiba: tuliwapoteza kwa siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa umeenea duniani, Roma ilikuwa imeelekeza mapadre wanyunyize majivu utosini kimyakimya, na yale maneno ya kutukumbusha kwamba sisi ni mavumbi na mavumbini tutarudi yasemwe mara moja tu kwa watu wote. Nilirudi nyumbani nikiwa na jivu chini ya kucha.

Kesho yake usiku nilikuwa sebuleni kwa familia moja ya jumuiya yetu. Baba wa nyumba alikuwa amelazwa siku ya nne, kifua kimembana, na ndugu walikuwa hawaruhusiwi kuingia wodini. Tulichoweza kufanya ni kukaa na mama, kusali rozari, na kuitazama simu yake iliyolala juu ya kitambaa cha meza ikiwa imechomekwa chaji. Tulianza saa nne. Tulipomaliza mafumbo tukaanza upya. Wakina mama wawili walikuwa wamesinzia kwenye mkeka. Mjukuu wa mzee, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa amejibanza pembeni na simu yake, mwanga umemwangaza usoni. Nikamsogelea nimkanye. Kumbe alikuwa akitazama matangazo ya moja kwa moja kutoka Pasadena, California: watu waliovaa barakoa, mbele ya kompyuta, wametulia tuli.

Sikumkanya. Nikakaa.

Alinieleza mambo yote kwa kunong'ona, na baadaye nilisoma mwenyewe nikakuta hakukosea sana. Kigari kilirushwa tarehe 30 Julai 2020, kikasafiri kilometa milioni 471. Kinaingia katika hewa nyembamba ya Mirihi kwa kasi ya kilometa 19,500 hivi kwa saa, ngao yake ikiwaka kwa joto. Kisha unafunguka mwavuli wenye upana wa meta 21.5. Mwavuli peke yake hautoshi, kwa sababu hewa ya kule ni haba mno, basi zinawaka injini, na mwishoni kigari cha uzito wa kilo 1,025 kinateremshwa kwa kamba kama ndoo kisimani, mpaka magurudumu yaguse ardhi. Yote hayo ndani ya dakika 7. Na hakuna binadamu anayekiendesha. Hawezi. Siku ile ishara ya redio kutoka Mirihi ilichukua dakika 11 na sekunde 22 kufika duniani.

Hapo ndipo kijana aliposema neno ambalo sijalisahau. Bibi yake aliuliza kutoka kwenye kiti chake, "Kimefika hicho kitu chenu?" Naye akajibu, "Bibi, hicho kishafika zamani, au kishavunjika. Wanachosubiri ni taarifa tu."

Na ni kweli, hesabu ndiyo hiyo. Wahandisi walipopata ishara kwamba kigari kimeanza kuingia kwenye hewa ya Mirihi, kigari chenyewe kilikuwa tayari kimetulia chini dakika 4 zilizopita, au kimekuwa chuma chakavu. Zile dakika 7 walizozitetemekea zilikuwa zimekwisha kupita. Walikuwa wanaogopa jambo lililokwisha kuamuliwa.

Wana mila yao pale Pasadena: wakati wa kutua wanatafuna karanga. Ilianza 1964, safari ya chombo kiitwacho Ranger 7 kwenda mwezini. Vyombo 6 vilivyotangulia vilikuwa vimeshindwa kimoja baada ya kingine. Mmoja wao akagawa karanga ili wenzake wapunguze wasiwasi, safari ikafaulu, na tangu hapo hakuna anayethubutu kusimamia chombo bila karanga. Mabingwa wa hesabu hao! Bibi zetu wangefanya hivyo tungewahubiria kuhusu ushirikina mwezi mzima.

Saa 5:55 usiku mwanamke aliyekuwa akitangaza, Dakta Swati Mohan, akasema kwamba kimegusa ardhi salama. Watu wa Pasadena wakaruka. Wakainua mikono, wakataka kukumbatiana, wakakumbuka ugonjwa, wakagonganisha ngumi. Pale sebuleni kijana akapiga kofi moja, akajiziba mdomo. Akanionyesha kwenye simu kadi aliyoitunza tangu 2019, mfano wa tiketi ya ndege. NASA walikuwa wamewaalika watu wa dunia nzima kuandikisha majina, na majina karibu milioni 11 yakachorwa kwenye vipande vitatu vidogo vya silikoni na kufungwa kwenye kigari. Aliandikisha lake, na la babu yake. "Babu yupo Mirihi," akamwambia bibi. Yule mama alicheka. Ndiyo mara pekee nilipomsikia akicheka juma lile.

Kifurushi cha intaneti kikaisha, picha ikaganda. Tukarudi kwenye rozari.

Simu iliyokuwa mezani iliita saa tisa. Muuguzi alikuwa mpole. Alisema mzee alifariki saa tano na robo. Alikuwa zamu peke yake na wagonjwa wengi, hakupata nafasi ya kupiga mapema. Simlaumu, na mama mwenyewe hakumlaumu.

Lakini baada ya kilio cha kwanza kutulia, mama akafanya hesabu kama mjukuu wake alivyofanya. Saa tano na robo mpaka saa tisa. Akaniuliza, "Padre, yale maombi yetu ya saa sita, tuliyomwombea apone, yalikwenda wapi?"

Nilimjibu kwamba Mungu anajua. Ni jibu sahihi na halina kosa lolote la mafundisho, ila lilikuwa tupu, naye aliliona. Mapadre tunayo majibu ya namna hiyo mfukoni kama sarafu za zamani: yana picha, hayanunui kitu.

Nimekaa na swali lake. Sitadai nimelimaliza. Ila kila Kwaresima linanirudisha kwenye sura ya 16 ya Injili ya Marko, kwa wale wanawake waliodamka kwenda kaburini na manukato. Wanatembea asubuhi na mapema, wanaulizana nani atawasaidia kuliondoa lile jiwe mlangoni. Wasiwasi wao ni wa kweli kabisa, jiwe ni kubwa na wao ni wanawake watatu. Lakini sisi tunaosoma tunajua wasichokijua: jiwe limekwisha kuondolewa. Kila hatua wanayopiga kwa woga, wanaipiga katika ulimwengu ambamo Kristo amekwisha kufufuka. Habari ndiyo iliyokuwa haijawafikia. Marko hawacheki wala hawakemei. Anawaacha watembee.

Na Kwaresima nzima ndivyo ilivyo, tukiitazama vizuri. Tunafunga siku 40 kuelekea jambo lililokwisha kutendeka. Hatumsubiri Kristo afufuke, kana kwamba mwaka huu huenda ikashindikana. Sisi ndio tulio upande huu wa ishara.

Sasa, sala. Kosa langu usiku ule, na nadhani kosa la wengi wetu, ni kuifanya sala iwe rimoti: ukibonyeza kwa wakati, inafanya kazi, ukichelewa, mlango umefungwa. Wale wahandisi wangekuwa na rimoti ya namna hiyo isingewafaa kitu, maana kila amri yao ingefika zaidi ya dakika 22 baada ya ajali. Ndiyo sababu walifanya kazi yao yote mapema, miaka mingi, halafu saa ilipofika wakakaa mikono mitupu na karanga zao. Lakini Mungu hakai Mirihi. Kwake hakuna ishara inayochelewa, na yeye hafungwi na foleni ya saa zetu. Sala ya saa sita anayo mkononi saa tano na robo. Kama alimwita mzee, alimwita akiwa amekwisha kuzisikia rozari zote tulizokuwa hatujazisali bado. Kanisa linaombea marehemu kwa imani hiyo hiyo.

Nilimwambia mama haya mwaka mmoja baadaye, baada ya misa ya kumbukumbu, tukiwa tumesimama na sahani za pilau. Alitafuna, akafikiri. Akasema, "Basi yalimkuta." Akaenda kuongeza kachumbari.

Najua kuna mtu hapa ana swali lingine, kwa sababu mzee mmoja wa baraza la walei aliniuliza baada ya mahubiri nilimoyagusia haya: kigari hicho kiligharimu zaidi ya dola bilioni 2, hizo hela zingechimba visima vingapi? Ni swali halali. Watu wanachota maji ya chumvi kilometa chache kutoka hapa. Nilimjibu kwa utani kwamba yeye hulipa kiingilio Simba na Yanga zikicheza bila kuhesabu visima, na kwamba aliyeuliza swali la namna hiyo juu ya marhamu ya Mariamu kule Bethania ndiye aliyekuwa akishika mfuko. Alicheka, ila utani si jibu.

Jibu bora nimelipata kwa mtu aliyeteswa na swali hilo hasa. Bruda Guy Consolmagno, Mjesuiti, aliongoza kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota kuanzia 2015 hadi 2025. Kabla ya kuingia utawani alikuwa mtafiti wa sayari huko Marekani, na katika umri wa miaka 30 hivi dhamiri ikamsumbua: watu wanakufa njaa, mimi nahangaika na miezi ya Mshtarii! Mwaka 1983 akaacha kazi, akajitolea kuja Kenya, tayari kufanya chochote atakachopangiwa. Wakenya wakamweka Chuo Kikuu cha Nairobi, afundishe fizikia na elimu ya nyota. Mwenyewe husimulia kwamba alipokwenda vijijini na darubini yake ndogo, watu walijipanga kuchungulia, na walishangaa kwa sauti zile zile za watu wa kwao Michigan. Hapo akaelewa kwamba kutamani kujua kilichoko juu si anasa ya walioshiba. Kumwambia mtu maskini kwamba yeye anahitaji kisima tu ni kumpunguzia ubinadamu. Nakubaliana naye. Kisima tuchimbe, na harambee yake ni mwezi ujao, mjiandae. Lakini yule kijana wa kidato cha tatu alikuwa na haki yake ya kupiga kofi moja saa sita usiku.

Kuna wasiowahi kupiga hilo kofi, na hao nawafikiria zaidi ya washindi. Profesa Colin Pillinger wa Uingereza alitumia miaka mingi kukitengeneza na kukipigania chombo kiitwacho Beagle 2. Kilitakiwa kutua Mirihi siku ya Noeli, 25 Desemba 2003. Wakasubiri ishara. Kimya. Wakasubiri siku, juma, mwezi. Februari 2004 wakatangaza kwamba kimepotea, na watu wakaandika jinsi kilivyosagika. Pillinger alifariki Mei 2014. Januari 2015 picha zilizopigwa na chombo kinachoizunguka Mirihi zikakionyesha: kipo chini, kizima. Kilitua. Mabawa yake kadhaa ya umeme wa jua yalifunguka, mengine yakakwama yakaiziba antena, basi hakikuweza kusema neno. Miaka zaidi ya 10 mtu yule aliishi na jina la aliyeshindwa, na kazi yake imelala salama kwenye vumbi jekundu. Mwandishi wa Barua kwa Waebrania angemweka kwenye sura yake ya 11, pamoja na waliofariki kabla ahadi haijawafikia mkononi.

Wazazi mliomlea mtoto katika imani naye akaondoka, hasemi, hapigi simu: someni habari za Beagle 2. Msiandike haraka kwamba kimesagika.

Perseverance yenyewe jina lake ni saburi; lilipendekezwa na mwanafunzi wa shule moja ya Virginia. Kazi yake ni kutoboa miamba ya bonde la Jezero, ambalo zamani sana lilikuwa ziwa, na kuyafunga mawe yake kwenye vichupa. Vichupa 10 kiliviweka chini, kimoja kimoja, kati ya Desemba 2022 na Januari 2023, vimelala pale juu ya udongo vikingoja wa kuvichukua. Aprili 2024 NASA wenyewe walikiri kwamba kwa mpango uliokuwepo gharama ya kuzileta sampuli hizo ingefika dola bilioni 11, na zisingefika kabla ya 2040. Baadhi ya waliovifunga hawataviona.

Na kuna jiwe moja ambalo limefanya safari ya kinyume. Mwaka 1999, katika jangwa la Oman, liliokotwa jiwe ambalo wataalamu walilipima wakakuta asili yake ni Mirihi. Kishindo fulani cha kale kilikuwa kimelirusha angani, likazurura, likaanguka duniani. Limeorodheshwa kwa jina la Sayh al Uhaymir 008. Kipande chake kidogo kimo kwenye Perseverance, ili vipimo vya kigari vilinganishwe nacho. Mavumbi ya Mirihi yaliyokuwa yamekaa kwetu yamerudishwa kwao. Jumatano nilipokuwa nikiwapaka majivu, nikirudia maneno yale kwa kila mmoja, wazee, wachumba, mtoto aliyepiga chafya likamwagika puani, nililifikiria jiwe hilo.

Mama alikuwa kwenye foleni. Mjukuu pia, sasa yuko chuo, alikuja kwa basi la usiku.

Majirani zetu Waislamu juma hili wameutafuta mwezi mwandamo, nao wameanza mfungo wao pamoja nasi. Waungeni mkono kwa futari mkiweza. Baadhi ya vijana wameniuliza kama Mirihi inaonekana usiku ili nao waitafute. Siku hizi haionekani, iko karibu mno na jua. Ile nyota kubwa mnayoiona jioni ni Mshtarii. Mirihi itarudi upande wa mashariki, kabla ya alfajiri, katika miezi ijayo.